Nukta Nyekundu Kwenye Ukurasa wa Kufunga Mwezi

Ninyi vijana mliorithi kurasa zetu za msaada, anayewaandikia ni Maman Vumilia. Wengine mlinikuta ofisini pale Ibanda, mjini Bukavu, wakati nafungasha vitu vyangu. Wengine mnalijua jina langu kwa sababu limejaa kwenye historia ya mabadiliko ya ukurasa mmoja, ule wa kufunga mwezi. Najua mnacheka. Mwenzenu Patient ameniambia mnauliza huyu maman alikuwa na ugomvi gani na ukurasa ule hata akawa anauandika upya kila mara bila kubadilisha kitu. Nitawaeleza, ila kwa njia yangu, nikizunguka kidogo, na mwishoni nina ombi. Hilo ombi ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kazi yenyewe mnaijua. Kuna programu ya kuhesabu dawa katika vituo vya afya, na kuna wiki, yaani zile kurasa za msaada mtandaoni, inayomwelekeza mtunza depo ya dawa wa kijijini namna ya kuitumia: kuingiza dawa zilizofika, kuondoa zilizopitwa na tarehe, kufunga mwezi, yaani kufunga hesabu za dawa za mwezi mzima. Programu inatengenezwa ng'ambo na watu ambao sikuwahi kuwaona isipokuwa nyuso zao kwenye skrini. Sisi wa Bukavu tuliandika kurasa za Kiswahili na kupokea maoni ya watumiaji. Kuandika nilikuweza, lakini kupokea maoni nilikupenda. Ndiko ninakokukosa hadi leo, nikiamka asubuhi na kukumbuka kwamba hakuna anayenisubiri na swali.

Siku zile chini ya kila ukurasa kulikuwa na kisanduku cha maoni. Mtu akikwama anaandika pale, sisi tunamjibu palepale, na kila mwenye programu anaweza kusoma. Ninyi hamkukiona kisanduku hicho, mmekuta picha za vidole gumba viwili tu vya kubonyeza, cha Ndiyo na cha Hapana. Nawaonea huruma kidogo.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Ramazani, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa Uvira, mtu wa kofia safi na Kiswahili kilichonyooka. Wiki yangu ya kwanza alisimama nyuma ya kiti changu akanitazama nikiandika.

"Vumilia, unaandika kutoka wapi?"

"Kichwani, Papa. Programu naijua."

"Kichwa chako hakina vifungo. Washa mashine, fanya kila hatua kwa mkono wako, kisha andika ulichofanya."

Nilinuna, maana nilikuwa na diploma na yeye alianzia kwenye duka la vitambaa. Lakini nilifanya, na hatua ya pili tu nikakuta kifungo nilichotaka kukitaja hakipo mahali nilipodhani. Hadi leo sijaona mbinu nyingine ya kuandika maelekezo inayoshinda hiyo. Mkisahau yote niliyoandika hapa, kumbukeni kuwasha mashine.

Jambo la pili alilonifundisha ni kusoma maoni kuanzia mwisho. Mtu wa kwetu hawezi kukuambia kazi yako ina kasoro kabla ya kukusalimu, kukuuliza kama umelala vizuri, kukupa habari za mvua na kukusifu. Hiyo si kupoteza muda, ni malezi. Sasa kisanduku kilikuwa na kikomo cha herufi, na wakubwa wa ng'ambo waliokiweka hawakujua hayo. Basi tukawa tunapata maoni kama haya, yaliyotoka Nyangezi:

"Bonjour ba maman na ba papa ya bureau. Muliamuka aje? Hapa Nyangezi tuko bazima, Mungu anasaidia, ni mvua tu inasumbua mihogo. Tunabashukuru sana juu ya kazi muko munatufanyia. Page yenu iko muzuri sana, hata titulaire, mukubwa wetu wa centre, amefurahi. Sasa kuko kitu kadogo tu, nikifinya"

Hapo herufi zilikwisha. Alifinya, yaani alibonyeza, nini, na nini kikatokea, hatukujua. Tulikuwa na makumi ya maoni ya namna hiyo, yote yamekatika kabla ya kile kitu kidogo. Wakubwa wa ng'ambo wakayapitisha kwenye mashine yao ya kutafsiri, na siku ya mkutano wakatutangazia kwa furaha kwamba watumiaji wa Kivu Kusini ndio wanaoridhika kuliko wote duniani. Papa Ramazani alizima kamera ili wasimwone akicheka.

Tulijaribu kutengeneza. Yeye aliandika juu ya kisanduku: "Salamu zenu tumezipokea. Anzeni na shida." Maoni yakakauka kabisa. Nilipopiga simu Nyangezi kuuliza, nikaambiwa watu walielewa kwamba ofisi imekasirika. Tukaweka visanduku viwili, kimoja cha salamu na kimoja cha shida, na wote wakaandika kila kitu kwenye cha salamu, kwa sababu nani anataka kuonekana mtu wa shida? Mwishowe tukaomba kikomo kiondolewe, tukapewa, na tangu hapo tukasoma salamu ndefu kwa amani na kuchota shida chini kabisa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeanza na shida. Alikuwa Maman Faida, mtunza depo wa kituo kimoja mbele kidogo ya Bunyakiri. Maoni yake ya kwanza nayakumbuka neno kwa neno:

"Page inasema nifinye kifungo ya kijani. Hapa kwangu iko bleu. Nimefinya bleu na haikuua mutu. Mais lakini mwingine ataogopa. Muandike bleu. Sasa bonjour."

Nikashangaa, nikacheka, nikaandika bleu. Kisha nikamjibu nikamuuliza kwa nini salamu zake zinakuja nyuma. Akajibu: "Maman Vumilia, mimi ni mama ya mapacha, na antena yetu inakatikaka. Rezo ikikatika katikati, shida iwe imefika. Salamu itakuja siku ingine."

Na salamu zake zilikuja kweli. Kila alipoona kasoro aliitaja kwa mstari mmoja, kisha akajaza ukurasa na habari za kwao: mapacha wameota meno, mto umechukua daraja la miti, mawese mwaka huu ni mengi, bibi mmoja amekuja kituoni kuomba dawa ya mume mvivu. Mimi nikamjibu na habari za Bukavu, za umeme uliokatika, za binti yangu aliyekataa kuolewa. Tulifanya hayo hadharani, chini ya ukurasa wa kufunga mwezi, kwa sababu ndio ukurasa uliokuwa unamsumbua zaidi na ndio aliokuwa anaurudia kila mwisho wa mwezi. Wengine wakaingia. Papa mmoja wa Nyangezi akawa anauliza mapacha wanaendeleaje. Pakawa kama uwanja wa parokia baada ya misa, na katikati ya soga zote hizo kasoro zilikuwa zinatengenezwa, moja baada ya nyingine. Kurasa zetu hazijawahi kuwa nzuri kama wakati ule. Papa Ramazani alikuwa akipita anauliza, "Dada yako wa Bunyakiri anasemaje leo?" na mimi nilimjibu kama mtu anayeulizwa habari za nyumbani kwake.

Sikuwahi kumwona. Simu haikufika kituoni kwao, ilikuwepo ile antena ya intaneti tu. Mara moja alikuja Bukavu, akisindikiza mgonjwa, akapita ofisini kuniona. Siku hiyo nilikuwa Nyangezi nikifundisha. Gari letu lilinasa kwenye matope, na nilipofika ofisini jioni, sentinelle wetu wa mlangoni akanikabidhi bidon, dumu zima la mawese, na kuniambia yule maman amengoja hadi gari lake likataka kumwacha. Nilikaa chini nikalia mbele ya sentinelle, naye akaenda kunitafutia maji. Kesho yake chini ya ukurasa nikakuta: "Nilikaa mu kiti yako. Iko chini sana, Maman. Mugongo itakuuma. Uombe ingine." Nikaomba kingine, nikapewa. Lakini ningependa zaidi kumkuta amekaa kwenye kile cha zamani.

Sikuenda kwao, kwa sababu mtu ukiwa kazini unadhani barabara itakungoja. Kila mwezi nilimwandikia nitakuja mwezi ujao.

Kisha wakubwa wa ng'ambo wakaamua kufunga visanduku. Walisema maoni ni mengi, ni marefu, na mashine haiwezi kuyapanga. Badala yake chini ya kila ukurasa patakuwa na swali moja, "Je, ukurasa huu umekusaidia?", na vidole viwili, Ndiyo na Hapana. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Papa Ramazani alikuwa amestaafu na kurudi Uvira, nikabaki kubishana peke yangu. Wakaniambia nitazoea.

Nikaweka tangazo chini ya kurasa. Watu wakaaga kama wanaaga maiti, kwa heshima zote. Maman Faida akaandika siku ya mwisho kabisa:

"Maman Vumilia, usilie. Bakileta hivyo vidole, mimi nitafinya Hapana kila mwezi nikimaliza kufunga. Mahali nitakuwa, nitafinya. Hakuna mwingine hapa atafinya Hapana, unajua batu yetu. Basi ukiona Hapana pale, ni Faida, iko muzima, anakusalimia. Usitengeneze kitu."

Asubuhi iliyofuata kisanduku hakikuwepo, na maoni yote ya zamani yalikuwa yameondoka nacho. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuyahifadhi.

Maman Faida alikuwa anajua anachosema kuhusu watu wetu. Sisi ofisini hatukupewa hesabu ya vidole, tulipewa rangi tu, na hadi leo ndivyo ilivyo: ukurasa ambao mwezi mzima umepata Ndiyo tupu unabaki kijani, na wenye Hapana hata moja unawekewa nukta nyekundu. Mwezi wa kwanza kurasa zote zilikuwa kijani. Zote, pamoja na ule wa kuondoa dawa zilizopitwa na tarehe, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimegundua unamtuma mtu kwenye kifungo kilichoondolewa zamani. Nikampigia muuguzi mmoja wa Nyangezi.

"Ukurasa ule ulikusaidia?"

"Sana, Maman! Nilifinya Ndiyo."

"Ukafaulu kuondoa dawa?"

"Ah, ile haiwezekane. Kifungo hakiko. Mais page imeandikwa na heshima."

"Sasa kwa nini hukubonyeza Hapana?"

Akasema kwa upole, kama anayenifundisha adabu, "Maman, mutu akikuuliza kama amekusaidia, utamujibu hapana mu uso?"

Vijana, nawaomba mlielewe hilo kabla ya kuripoti ng'ambo kwamba kurasa zenu ni za kijani. Kijani cha kwetu ni adabu tu. Ukitaka kujua kasoro, piga simu, uliza mapacha wanaendeleaje, kaa, ngoja. Kasoro itakuja yenyewe mwishoni, ikiitwa kitu kadogo.

Kurasa zote zilikuwa kijani, nimesema. Isipokuwa, mwisho wa mwezi ulipofika, mmoja. Ukurasa wa kufunga mwezi ulikuwa na nukta nyekundu. Niliiona nikiwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka, nikasimama, nikazunguka meza. Niliwanunulia wote wa ofisini Fanta bila kuwaeleza sababu. Mwezi uliofuata ikaja tena, na uliofuata tena. Sikupata habari za mapacha wala za mto, lakini nilipata hiyo, na niliishi nayo.

Taabu ni kwamba wakubwa wa ng'ambo nao waliiona. Katika nchi nzima ukurasa mmoja tu una malalamiko, na kila mwezi! Wakaniandikia niurekebishe. Ningewaambiaje kwamba ile ni salamu? Nikawa kila mwezi nahamisha koma, nageuza sentensi, narudisha sentensi, naandika kwenye historia ya mabadiliko "umeboreshwa". Hayo ndiyo mliyoyaona. Sikuwa na ugomvi na ukurasa ule. Nilikuwa naulinda.

Kisha wakamwajiri Patient, ingénieur, kijana mwenye juhudi mbaya sana. Akakabidhiwa ukurasa wangu. Akaweka picha, akaweka mishale, akarekodi video ya sauti yake mwenyewe akieleza kila hatua polepole. Mwisho wa mwezi, nukta nyekundu. Akaanza upya, akagawa ukurasa mara mbili. Nukta nyekundu. Siku moja alikuja mezani kwangu macho yamemwingia ndani.

"Maman, mimi sijue tena. Huyu mutu anatakaka nini?"

"Anakutesa?"

"Ananitesa! Batu bote banafurahi, yeye tu! Nimeota ile nukta."

Nikamwonea huruma nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Alirudisha ukurasa kama ulivyokuwa, akawaandikia ng'ambo barua ndefu ya kitaalamu iliyosema kosa liko kwenye mtandao. Tangu siku hiyo kila mwezi mpya ulipoingia alikuwa akipita mezani kwangu na kusema neno moja, "Iko." Mkitaka kujua kwa nini nampenda Patient kama mwanangu, ni kwa hilo.

Ile miaka mibaya ya vita ikaja, nanyi mnaijua, sina haja ya kuieleza. Upande wa Bunyakiri watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Barabara ilifungwa. Hapa mjini benki zilifunga, ofisi ikafunguliwa nusu siku. Nikisikia habari za kule nilikuwa sili. Lakini mwisho wa mwezi nukta ilitokea, mara nyingine imechelewa, na nikarudi kula. Wanangu walidhani ni maombi yanayonipa nguvu. Yalikuwa maombi pia.

Nikastaafu. Mlinipa sherehe nzuri na saa ya ukutani. Patient akaendelea kunitumia ujumbe, "Iko", kila mwezi mpya. Na mimi, sasa nikiwa sina kazi na barabara imefunguliwa, sikuwa tena na kisingizio cha kuahirisha safari ya kwa Maman Faida hadi mwezi ujao. Nilinunua pagne, kitenge kizuri cha maua ya bluu, nikachagua siku za mwisho wa mwezi kwa sababu nilijua zitamkuta kwenye depo, nikapanda gari. Wanangu walikataa, nikaenda hivyohivyo. Njia nzima ya msituni nilikuwa najaribu maneno. Nilipanga kuanza na shida: kiti kipya nacho kinaniuma mgongo. Salamu baadaye.

Kituo nilikitambua kwa antena yake. Mlango wa depo ulikuwa wazi. Ndani alikaa kijana mmoja mwenye koti jeupe, kompyuta mbele yake, anafunga mwezi. Aliniambia anaitwa Innocent. Nikamwambia namtafuta Maman Faida.

"Maman Faida? Alihamaka, Maman. Miaka tatu sasa."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia mwezi uliopita tu alinisalimu. Akanitazama, akatazama pagne mkononi mwangu, akainuka na kunipa kiti chake.

"Ni wewe ule maman wa Bukavu?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akanieleza taratibu. Mwaka ule watu walipokimbia, Maman Faida alimkabidhi depo haraka, gari la mizigo likimngoja na mapacha wakiwa tayari juu ya magunia.

"Alinionyesha funguo. Alinionyesha frigo ya chanjo. Kisha akafungua hii page, akasema: ukimaliza kufunga mwezi, finya Hapana. Nikamuambia, mais Maman, hii page inatusaidia. Akasema: inasaidia sana, wewe finya tu. Kuko maman mumoja Bukavu, asipoona Hapana yangu atafikiri nimekufa, na moyo yake haina nguvu. Basi mimi nafinyaka."

"Alikwenda wapi?"

"Upande wa Hombo, na kisha mbele. Alisema atatafuta centre yenye ordinateri. Hatujasikia kitu."

Moyo wangu una nguvu, ningependa mjue. Lakini hapo nilikaa kwenye kiti cha Innocent nikalia kwa sauti, na katikati ya kilio nikamkasirikia Faida sana. Gari linamngoja, watoto wako juu ya magunia, na yeye anapanga jinsi ya kunidanganya ili nilale! Miaka mitatu niliyokula na kulala kwa amani, ilikuwa salamu ya kijana nisiyemjua. Nilimpenda zaidi kwa hilo na nilitaka kumpiga.

Innocent alinipa maji. Akarudi kwenye kazi yake, akakamilisha hatua za mwisho za mwezi, nami nikamtazama akifuata sentensi zangu moja baada ya nyingine, akisoma kwa midomo. Akafika chini. Swali likatokea, umekusaidia au la, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye Hapana. Nikamshika.

"Ngoja kwanza."

"Juu ya nini, Maman?"

Nikamweleza kuhusu rangi. Hapana moja ni nyekundu, Hapana kumi ni nyekundu ileile. Faida aliniandikia kwamba popote atakapokuwa atabonyeza. Kama ameipata hiyo centre yenye kompyuta, kama yuko mahali fulani mbele ya Hombo anafunga mwezi kama kawaida yake na kunisalimu, mimi siwezi kuiona salamu yake, kwa sababu ya Innocent iko juu yake inaifunika.

Alifikiri. Alikuwa kijana wa kufikiri.

"Na kama yeye hafinyi?"

"Nitajua."

"Mais mimi nilimuahidi, Maman."

"Ulimwahidi kunisalimu mimi. Mimi mwenyewe nimekuja, umenisalimu, umenipa kiti na maji. Ahadi umeimaliza."

Alibaki mkono hewani. Nusura nimwambie aache, abonyeze Hapana, aendelee hivyohivyo mpaka nife, kwa sababu nilijua ninachokitupa. Nilikuwa na nyekundu ya hakika kila mwezi, na nilikuwa naomba nibaki na kijani. Nikauachia mkono wake. Akabonyeza Ndiyo.

Pagne nilirudi nayo Bukavu.

Tangu hapo Patient ananiandikia kila mwezi mpya. "Kijani, Maman." Mwezi mmoja aliongeza: "Naweza finya mimi mwenyewe, hata mara moja?" Nilimpigia simu nikamfokea mpaka akaomba msamaha, kisha nikaomba msamaha mimi. Nimeuliza kwa madereva wa njia ya Hombo, nimeuliza kwenye ofisi za afya. Mapacha sasa watakuwa wakubwa. Sijui sura zao. Sijui hata sura yake, najua tu kwamba aliona kiti changu kiko chini.

Sasa ombi langu. Nimesikia kwamba wakubwa wa ng'ambo wanataka kuziondoa kurasa na kuweka mashine itakayojibu watumiaji yenyewe. Mimi si mtu wa kuzuia mambo mapya, nami naambiwa inajibu vizuri. Lakini bisheni kidogo kwa ajili yangu. Waambieni ukurasa mmoja ubaki, wa kufunga mwezi, na swali lake chini na vidole vyake viwili. Semeni chochote cha kitaalamu, Patient atawasaidia, ana kipaji cha barua za namna hiyo.

Na mkifungua asubuhi moja mkaukuta una nukta nyekundu, msiguse hata koma. Nipigieni simu. Hata nikiwa kanisani nipigieni, nitatoka nje nipokee.